Helmeti ya Mkunga Mwenye Miwani

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kiti cha pikipiki, nikikata uzi kwa meno. Kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki na kubadilisha sponji za helmeti. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama uwanja wa mpira, na helmeti za kuuza nazitundika kwenye waya pale mlangoni. Kwanza niliona viatu vyeusi vya ngozi, kamba zimepigwa fundo juu ya fundo. Nikapandisha macho. Alikuwa mama wa makamo, koti jeupe amelikunja mkononi, na usoni miwani minene kama kitako cha bilauri.

"Hodi, fundi. Una helmeti ya mtu mwenye macho manne?"

Mimi na watu nisiowajua hatuelewani haraka, na wanawake ndiyo kabisa. Ulimi unakuwa mzito, masikio yanapata moto. Nilimwonyesha waya kwa sindano.

Bahati nzuri yeye alikuwa na maneno ya kututosha wote wawili. Alikuwa mkunga wa zahanati iliyo juu ya mtaa wetu. Zahanati imeletewa pikipiki moja, na Jumamosi alikuwa na mtihani wa leseni.

"Nikipita, ni yangu ya kupandia milimani kwa wajawazito. Nikianguka, anapewa bwana dawa, yule mgawa vidonge wetu, na bwana dawa njia anayoijua ni ya sokoni. Mimi nitakaa mezani nigonge mihuri. Wale wa juu wataendelea kushushwa kwa machela, wengine wajifungulie njiani."

"Umeshaendesha?" nikauliza.

"Ndiyo naanza. Hata baiskeli nilijifunza nikiwa na watoto."

Nilimpa helmeti niliyoikadiria kwa macho, ile inayofunika mpaka kidevu, maana ndiyo inayotakiwa kwenye mtihani. Akaivuta kichwani na miwani yake usoni. Ikagota kwenye paji. Mikono ya miwani ikapinda, sikio moja likakunjika kama kona ya daftari. Alipoivua, miwani ilibaki inaning'inia kwenye sikio la pili. Aliidaka kabla sijanyanyuka.

Akajaribu nyingine, mambo yakawa yale yale. Kisha akajichagulia mwenyewe kubwa kuliko zote, ambayo nilikuwa nimeitundika kwa ajili ya wapiga debe wenye nywele nyingi.

"Hii imeingia bila hodi," alisema. "Nipe hii."

"Tikisa kichwa, mama."

Akatikisa. Uso ukaenda kulia, helmeti ikabaki inatazama uwanjani.

"Inacheza," nikasema.

"Iache icheze. Kwani inamdhuru nani?"

Hapo ilinibidi niongee. Nilimwambia kwamba helmeti inayocheza hujaivaa, umeibeba tu. Upepo ukiingia chini itapanda, ukishika breki itashuka usoni. Mwenye miwani anavaa inayobana mashavu kama watu wengine. Anavua miwani kwanza, anavaa helmeti, halafu anaichomeka miwani kwa mbele, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Nikiivua sioni hata kidole changu. Nitaiweka wapi?"

"Nipe nikushikie."

Alirudi nyuma hatua, kiganja kikaenda kwenye miwani.

"Miwani yangu hashiki mtu," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekujulisha kuwa nyumba imefungwa.

Nikarudi kwenye kiti changu. Ile kubwa sikutaka kumuuzia, nikamwambia aende nayo uwanjani akaijaribu kwanza. Akaenda.

Uwanjani alikuwepo mwalimu wa udereva tuliyemwita Gia Tatu, kwa sababu hata akienda kwa miguu alionekana amechelewa mahali. Alikuwa amepanga matairi chakavu kwenye nyasi, wanafunzi wake wachache wamekaa pembeni wakisubiri zamu.

"Mama mkunga, achia klachi taratibu," alimpigia kelele. "Hazai huyo, usimkamue."

"Anayezaa hapigiwi kelele, mwalimu. Nyamaza nimsikilize."

Wanafunzi wakacheka. Mimi nilikuwa nashona, lakini jicho moja lilikuwa nje. Raundi ya kwanza alikwenda mwendo wa kinyonga. Ya pili akapata moyo, akaongeza moto. Upepo ukaingia chini ya helmeti, nikaiona ikipanda mpaka nywele zikaonekana nyuma. Akashtuka, akakanyaga breki. Helmeti ikamshukia usoni kama mfuniko wa sufuria, ikaisukuma miwani chini, na pikipiki ikaelekea moja kwa moja kwenye nguzo ya goli.

Alianguka kwa ubavu kabla ya kuifikia. Nilipofika mbio, sindano bado mkononi, Gia Tatu alikuwa ameinamia pikipiki.

"Nzima," alisema. "Haijapata kitu."

"Na mama?"

"Mama si huyo anatambaa."

Kweli alikuwa anatambaa. Helmeti alikuwa ameitupa, na miwani haikuwa usoni. Alikuwa kwenye magoti, anapapasa nyasi kwa viganja viwili, anapumua kwa mdomo. Wanafunzi walicheka tena, kisha wakaacha wenyewe. Niliiona miwani. Ilikuwa karibu na kiatu cha Gia Tatu, imelala chali. Naye aliiona, akainama kuiokota.

"Usiiguse," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nguzo ya goli imesema.

"Usiiguse, na huo mguu unyanyue taratibu." Kisha nikachuchumaa. "Mama, ni mimi fundi. Miwani yako iko mbele yako, hakuna aliyeishika. Mkono wa kulia. Sogea mbele. Bado. Rudi kidogo kushoto. Hapo."

Vidole vyake vikaigusa. Akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa, akatutazama mmoja mmoja, uso kwa uso. Halafu akaokota ile helmeti, akanikabidhi.

"Inacheza," alisema.

Jioni ile alikuja karakana, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Goti lake lilikuwa limefungwa bandeji. Nikaendelea kushona. Alisubiri mpaka nikafika mwisho wa mshono.

"Marehemu mume wangu alikuwa anaificha," alisema.

"Miwani?"

"Hakutaka nitoke usiku nikigongewa. Hakunipiga hata siku moja, wala hakuwa na tusi. Anaichukua tu mezani, anaiweka anapojua yeye, anajifunika shuka. Mara ya kwanza nilidhani ni mimi nimesahau nilipoiweka. Siku nyingine wakaja watu, mke wao amezidiwa. Nikapapasa nyumba nzima, chini ya kitanda, kwenye masufuria. Aliponirudishia kulikuwa kumekucha. Mama yule alipona. Mtoto hakupona."

Niliinuka nikaleta helmeti niliyokuwa nimeiweka kabatini, kwa kuwa ni nzito na watu wa hapa hawaipendi. Kidevu chake kinainuka juu, mtu anabaki uso wazi, kisha anakishusha kikafunga. Nikaiweka benchini, nikakaa mbali.

Aliielewa mwenyewe. Akavua miwani, akaiweka kwenye paja lake. Akavaa helmeti, ikambana mashavu mpaka midomo ikatokeza kama ya samaki. Akaipapasa miwani, akaichomeka. Mkono wa kulia ukapita, wa kushoto ukanasa kwenye sponji.

"Mikono ya miwani yako imepinda sana mwishoni," nikamwambia. "Nenda kwa fundi miwani akainyooshe. Na mimi nitaipasulia njia kwenye sponji hii laini. Hii nyeupe ngumu ya ndani siigusi, ndiyo inayopokea kishindo badala ya fuvu."

Kesho yake alirudi na mikono ya miwani imenyooka. Nilikuwa nimeshachonga mifereji miwili na kuipiga uzi. Nikamwambia akae nayo kichwani mpaka nimalize kiti nilichokuwa nacho, kwa sababu helmeti mbaya huwa haiumi dukani, inauma njiani. Akakaa wima pale benchini kama mgonjwa anayesubiri sindano. Wateja wangu wakapata la kusema.

"Fundi, umeanza kufuga marubani?"

"Msalimie, lakini usimsogelee. Anapaa huyo."

Yeye aliwajibu kwa kupunga mkono. Paji halikumuuma. Kilichobaki ni ukungu, maana alipofunga kidevu na kupumua, vioo vyote viliingia weupe. Nilimwonyesha kuacha kioo cha mbele wazi upana wa kidole. Yeye akaniambia kuwa ukungu anaujua tangu kwenye barakoa za chumba cha kuzalishia, pumzi unaielekeza chini kifuani, si mbele. Tukawa tumepata dawa mbili.

Jumamosi ikaja na manyunyu.

Mtihani ulikuwa uwanjani pale pale. Afande aliyekuja kupima alisimama chini ya mwavuli, akafunga kamba kati ya watazamaji na njia, akatoa sheria moja: mtu wa pembeni akimsemesha mtahiniwa, mtahiniwa ameanguka. Bwana dawa naye alikuwepo, amekunja mikono kifuani chini ya upenu, anasubiri. Mimi nilisimama kwenye kamba, bila sindano, sijui mikono niiweke wapi.

Mkunga alikuwa amefanya mazoezi siku zile zote kwa mpango mmoja: kuweka miwani juu ya tangi, kuvaa, kuchomeka, ndipo kuwasha. Lakini afande akasema, "Washa kwanza, niisikie injini."

Akawasha. Pikipiki ile ilikuwa na mtetemo wa kuchosha meno.

"Vaa."

Akavua miwani, akaiweka juu ya tangi. Tangi lilikuwa limelowa. Akainua helmeti kwa mikono miwili na kuanza kuivuta, uso ukafichwa. Na hapo nikaiona miwani ikitembea. Ilitembea polepole kama mende mzee, inatetemeka, inakwenda upande, inakaribia pale tangi linapoanza kuteremka. Chini kulikuwa na bomba la moshi na matope. Nilifungua mdomo. Afande alikuwa ananitazama. Nikaufunga, nikaing'ata midomo kwa ndani.

Miwani ikateleza.

Helmeti ikakaa. Mkono wake ukashuka kwenye tangi, ukakuta maji. Ukasimama. Nilijua alichokuwa anakiona, nyasi zote na watu wote wamekuwa moshi mmoja. Nilijua pia anachokifikiri, kwamba kuna mtu ameichukua. Mabega yake yalipanda. Nikaona anageuza shingo kwenda upande wa kamba, upande wangu, kama anayesubiri sauti. Sikuwa na sauti ya kumpa.

"Mama, kuna tatizo?" afande akauliza.

"Hakuna, afande."

Akazima injini. Kimya kilichofuata kilinifanya nisikie manyunyu yakigonga mwavuli. Akayabana magoti yake yote mawili kwenye tangi, taratibu, kitu chochote kilicho katikati kisipite. Kisha akaweka kiganja juu na kukishusha ubavuni, bila haraka, kimebonyea kidogo, jinsi wanavyopapasa tumbo kujua mtoto amelalaje. Kikafika kwenye goti lenye bandeji. Kikatulia. Miwani ilikuwa imenasa pale, kati ya goti na chuma.

"Nilikuambia uzime?" afande akasema.

"Hapana, afande. Lakini anayetetemeka hapimwi mpaka atulie."

Afande alimtazama, akaitazama pikipiki. "Haya. Washa tena."

Akachomeka mkono wa kulia, ukapita. Wa kushoto, ukapita. Akashusha kidevu. Aliondoka vizuri, akaanza kuchora nane kati ya matairi, akazunguka la kwanza na la pili. Kwenye la tatu nikaona kichwa kinainama, na nikajua ukungu umeingia. Mguu ukigusa chini, umeanguka. Pikipiki ikapunguza mwendo mpaka ikaanza kuyumba. Bwana dawa akasogea mbele aone vizuri. Kidole kimoja kikaachia usukani, kikasukuma kioo juu upana wake, kikarudi. Akaikaza shingo. Tairi la tatu likabaki nyuma yake, la nne nalo, akasimama mbele ya mwavuli.

"Umepita," afande alisema. "Shuka, unalowa."

Bwana dawa alikuwa ameshaondoka. Gia Tatu alipiga makofi, akatangaza kwa kila mtu kwamba huyo ni mwanafunzi wake.

Miaka iliyofuata niliijua sauti ya pikipiki yake ikipanda mlima. Wa juu wakaacha kushushwa kwa machela. Kila sponji ilipochakaa aliniletea, akaiweka miwani benchini, sentimita chache kutoka mkononi mwangu, na mimi sikuigusa. Tulizoeana hivyo. Nilianza hata kumtania.

Halafu akahamishiwa zahanati ya mbali, ng'ambo ya milima ile ile. Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya mlango wangu, begi limefungwa nyuma, injini inanguruma, juu ya tangi hamna kitu. Angeweza kuizima. Benchi langu lilikuwa hatua mbili. Alivaa, akachomeka miwani, akashusha kidevu, na helmeti ile ikishafungwa hakuna maongezi. Aliinamisha kichwa mara moja, akaenda. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni yale aliyoyasema kabla, kichwa kikiwa wazi, macho yake madogo yakinitafuta upande ambao sikuwepo, mkono ameunyoosha na miwani ndani yake.

"Nishikie, fundi."