Mchanga wa Mwisho wa Soko Letu

Mama ndiye mtu wa pekee anayelala sokoni kwetu. Maduka mengine yamebaki kuta tu; wenyewe waling'oa mabati walipohama, na mbuzi huingia na kutoka wapendavyo.

Soko hilo lilizaliwa na mchanga. Malori yalipoanza kuteremka mtoni kuchukua mchanga wa kujengea Nairobi, vijana wa kupakia walihitaji chakula. Mama akafungua hoteli ya mabati, akapika chai na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe. Kando yake zikaja bucha, kinyozi, mashine ya kusaga na baa mbili. Utotoni nililala huku redio za baa hizo zikishindana.

Mto wetu hauna maji ya kuonekana. Wakati wa kiangazi maji hukaa chini ya mchanga. Wanawake huchimba kisima kwa mikono, kisha hukizungushia miiba ili ng'ombe wasikichafue. Kila mtu alilijua hilo, na bado tuliuza. "Mvua ikinyesha, mto utaleta mwingine," walisema wazee, na vijana wakaitikia. Mvua ilinyesha. Maji mekundu yakapita mbio juu ya mwamba, basi. Visima vikakauka. Malori yakahamia mto mwingine, wapakiaji wakayafuata, na wenye maduka wakawafuata wapakiaji.

Mchanga umebaki mahali pamoja tu, penye kona chini ya shamba letu. Kisima cha mama kimo humo. Kikikauka, itambidi ahame. Mimi nafanya kazi Athi River, na simu yake ikiita kabla ya jua kupanda, naipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mwaitu, njoo ukae kwangu," nilimwambia mama kwa Kikamba mwezi jana tukiteka maji.

"Kwako wapi? Pale sebuleni, wageni wanikalie kama kochi?"

"Huku uko peke yako, mama."

"Niko na maji. Wewe unayanunua kwa mtungi, halafu unanionea huruma!"

Jumapili, akitoka kanisani, alipitia mtoni. Akanipigia kwa sauti ya chini. Miiba ya kisima chake ilikuwa imeondolewa na kupangwa kando vizuri, na mchangani palikuwa na alama za magurudumu mapana ya lori, yaliyoingia, yakageuza, yakatoka. Mpaka sasa hakuna mchanga uliochukuliwa. Nimemuuliza jirani wa ng'ambo, nimemuuliza na chifu. Hakuna aliyeliona lori hilo, wala aliyelisikia.