Siku Nilizoisikiliza Lesi

Mwanzo niliona nzi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu Ibra, huku Oman, asubuhi, saa ambayo mwanga unaingia vizuri kwa dirisha la uani, na mto wa lesi uko mapajani. Nzi wadogo weusi wakapita mbele ya uzi. Nikawafukuza kwa mkono, hawakuondoka. Nikageuza macho upande, nao wakageuka pamoja nami. Nilipofumba jicho la kulia wakatoweka. Nikaelewa kwamba nzi wale hawakuwa chumbani. Walikuwa ndani yangu.

Lesi ile ilikuwa ya binti yangu. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na nilikuwa nimemwahidi shela yenye ukingo wa lesi ya mkono wangu, lesi ya vijiti kama nilivyofundishwa utotoni. Wengi hawaijui, hudhani ni kroshia. Uzi mwembamba wa pamba huzungushwa kwenye vijiti vya mti, na vijiti hivyo, vingi, huning'inia juu ya mto mgumu uliobandikwa karatasi ya mchoro yenye matundu. Mfumaji hukipitisha hiki juu ya kile, akavisokota, akachomeka pini ili uzi ushike mahali pake, kisha akaendelea. Ukikosea huoni papo hapo. Unaona baadaye, pale ua linapokataa kufunga.

Nililelewa Bujumbura, ambako ukoo wetu wa Kiomani ulikuwa na duka tangu enzi za babu. Shule yetu ya wasichana ilikuwa ya masista, na sista mmoja, mzee kuliko wote, alitoka kwenye milima ya Ufaransa ambako kila mwanamke alikuwa na mto wake wa lesi. Alitusimulia habari za kwao huku tukifuma. Wakati wa joto majirani walitoa viti nje, wakakaa safu mlangoni, vijiti vikilia mtaa mzima. Wakati wa baridi walikusanyika nyumba moja ili washirikiane moto na mshumaa. Mbele ya mshumaa waliweka vyupa vya duara vilivyojaa maji, na mwanga ulipopita katika maji ulikusanyika ukawa doa moja jeupe juu ya mto wa kila mmoja. Walisali, waliimba ili mikono iende pamoja, walitishana kwa hadithi za mbwa mwitu. Watoto wa kike walianza kazi kabla meno ya utoto hayajang'oka.

"Na wakizeeka, Sista?" nilimwuliza siku moja.

"Wakizeeka walifuma vitu vinene, kwa vidole," akanijibu. "Macho yalikuwa yameshakwisha."

Yake pia yalikuwa yamekwisha. Alipokagua kazi zetu alizipitisha taratibu kwenye mdomo wake wa chini, akitafuta fundo, na macho yale ya kijivu yakielekea dirishani bila kutazama kitu. Nilikuwa namwogopa mno wakati huo. Kila zamu yangu ilipofika nilibana pumzi. Kwa hiyo nilipowaona nzi, miaka mingi baadaye, huku Oman, sura yake ndiyo iliyonijia kwanza.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu nami siku hiyo, na mto wake mwenyewe. Yeye ni mtu wa Unguja mjini, aliletwa huku akiwa kijana baada ya mapinduzi, na jirani mmoja wa Sur akamfundisha kufuma talli, ile mikanda ya zari inayoshonwa kwenye miguu ya suruali za kina mama. Talli nayo hufumwa juu ya mto, kwa nyuzi zilizozungushwa kwenye vigurudumu, lakini ni nene, na inakwenda mbio. Kila mmoja wetu aliiona kazi ya mwenzake kuwa ya kuchosha.

"Una nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mbona wapepea hewa?"

Nikamwambia. Akaweka mto chini, akanishika kidevu, akaniinulia uso kwenye mwanga.

"Sioni kitu," akasema. "Labda jicho la watu. Lesi hii wameiona wengi, na kila aliyeingia humu kaisifu." Akaniosha kwa maji ya waridi, akanisomea, akafukiza ubani hata nikakohoa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini hospitali tutakwenda. Hilo halizuii hili."

Tulipanga twende baada ya mume wangu kurudi kutoka Al Kamil, kwenye biashara yake. Hatukumngoja. Siku ya pili yake nikaanza kuona miali. Nilikuwa jikoni, sikuwa nimeshika hata sindano, na pembeni mwa jicho la kulia umeme ukapiga, kimya, kama radi ya mbali. Ukapiga tena. Nikaegemea sinki. Nilipoinua kichwa, chini ya jicho hilo, upande wa puani, palikuwa na kitu cheusi. Nilidhani ni ukingo wa mtandio wangu, nikauvuta. Mtandio ukaja mkononi, weusi ukabaki.

Binti yangu ndiye aliyetuendesha. Yeye amezaliwa huku na Kiswahili chake kina haraka zake. "Ummi, macho yako inaona?" alikuwa akiniuliza kila tukipita kijiji. "Ummi, nambie, hii rangi gani?" Tulishika njia ya Sinaw kwenda hospitali ya Nizwa kwa kuwa ni tambarare na haina magari mengi. Mimi nilikaa mbele, na sikuweza kujizuia: nilikuwa nikiziba jicho la kushoto kwa kiganja ili niupime ule weusi. Pazia lilikuwa linapanda. Tulipotoka Ibra lilifunika miguu yangu. Tulipopita Sinaw lilikuwa limefikia dashibodi. Nikawaza, likifika barabarani, basi. Mama mkwe, kiti cha nyuma, alikuwa akisoma dua kwa sauti, na nilisikia sauti yake ikitetemeka mahali ambapo haitetemeki kamwe. Hapo hofu ikanizidi, kwa sababu yule si mwanamke wa kutetemeka.

Daktari wa Nizwa alikuwa kijana, na alisema Kiarabu taratibu kwa ajili yangu. Aliniangalia kwa taa kali hata machozi yakamwagika. "Shabakia imechanika," akasema. "Imeanza kubanduka." Shabakia ni ile ngozi ya ndani ya jicho inayopokea picha, lakini mimi, kwa Kiarabu changu cha sokoni, nilisikia shabaka, wavu. Nikaona wavu uliokatika uzi, unaachia tundu baada ya tundu.

"Huu weusi ukifika katikati?" nikamwuliza.

"Ukifika katikati, siwezi kukuahidi kitu. Tunafanya operesheni leo."

"Nitalala usingizi?"

"Hapana. Tutalitia jicho ganzi tu."

Sijui kama watu wote huona nilichokiona. Sikusikia maumivu. Lakini jicho likiwa limetiwa ganzi bado lilikuwa linaona, na nikaona kivuli cha kitu chembamba kikiingia. Hakikuwa mbele yangu, kilikuwa ndani, kama mtu aliyetia kijiti kwenye mtungi wa maji na wewe ndiwe maji. Kikatembea. Kikagusa mahali, mwanga wa kijani ukapiga, kikasogea, ukapiga tena. Nilitaka kupiga kelele na nikajua nikitikisika tu nimeharibu kila kitu. Nikabana vidole vyangu chini ya shuka, kidole juu ya kidole, navuka, nasokota, navuka, nachomeka pini, lesi isiyokuwapo, mpaka sauti ikasema kwa Kiarabu kwamba imekwisha.

Kisha yakaja masharti. Walikuwa wametia povu la gesi ndani ya jicho, ili liusukume ule wavu ushikamane na ukuta wake, na kwa kuwa povu hupanda juu, ilinipasa nikae uso chini. Mchana na usiku, nikila, nikiswali kwa kuinamisha kichwa, nikilala. Wiki nzima, labda zaidi. "Na usipande mlimani, Jabal Akhdar," daktari akasema, "wala ndege. Huko juu povu litavimba."

"Na nitaona?"

"Tutajua povu likipungua."

Tukarudi Ibra, nami nimeinama kwenye kiti cha nyuma cha gari, nikitazama mkeka wa miguuni.

Nilichokiona siku zile ni zulia, jekundu na samawati, kwa jicho la kushoto tu. La kulia lilikuwa limefungwa, na chini ya bendeji lilikuwa giza lenye mawimbi. Mume wangu aliporudi aliniwekea godoro na mito ili nilaze paji la uso. Akanisomea magazeti, akasinzia, akaondoka kwenda kazini. Niliogopa kila kitu. Niliogopa kupiga chafya. Niliogopa nikilala nitageuka. Zaidi ya yote niliogopa jicho la kushoto, kwa sababu daktari alisema, bila kukaza sana, kwamba lililotokea kulia laweza kutokea kushoto, na tangu hapo kila kivuli cha zulia nilikiona kinatembea.

Siku ya tatu hivi nikasikia pembeni yangu sauti ninayoijua. Vijiti. Mti juu ya mti, mgongano mdogo mkavu. Nikainuka kwa viwiko.

"Lala chini!" mama mkwe akasema. "Ndimi."

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuma. Harusi haingoji jicho lako, na lesi imebakia robo. Mto ni mto. Nimefuma talli miaka yote hii, vijiti vyako hivi vitanishinda?"

Vilimshinda. Nilisikia. Uzi wa zari unataka kuvutwa kwa nguvu, na huu wa pamba unakatika ukiuvuta hivyo. Nikasikia mlio wa uzi unaokatika, ukifuatiwa na tusi la Kiunguja ambalo sitaliandika. Nikaanza kumwelekeza, uso ukiwa ndani ya mto, sauti yangu ikitoka imezibwa.

"Chukua jozi mbili za kulia. Vuka. Sokota. Vuka. Sasa pini."

"Pini wapi?"

"Kwenye tundu la karatasi, lile linalofuata."

"Matundu yote yanafuatana, mwanangu."

Tukaimba basi. Wasichana wa Bujumbura tulikuwa na wimbo wa kuhesabia, wa Kifaransa, tuliofundishwa na sista, na nikaugeuza pale pale kuwa Kiswahili cha ovyo: vuka, sokota, vuka, pini, rudi nyumbani, usipotee njiani. Mama mkwe aliuimba kwa sauti nzito kama anafanya dhikiri. Mikono yake ikaanza kwenda. Na mimi nikaanza kusikia. Jozi sahihi ikipita, vijiti hugongana mara mbili, nyepesi. Jozi isiyo sawa hubururwa juu ya nyingine kwa mkwaruzo mrefu.

"Hapo umekosea," nikamwambia.

"Umejuaje? Umeinua kichwa!"

"Sijainua. Umechukua jozi ya nje."

Akacheka, cheko la kushangaa. "Nifumue?"

"Fumua mpaka kwenye pini ya mwisho."

Alifumua. Alifumua mara nyingi siku zile, na hakulalamika ila kwa mdomo. Alipokwenda kuswali na vijiti vikanyamaza, ndipo woga uliponirudia wote. Katika kimya kile nilimwona sista na ule mdomo wake. Nilijiona na mimi, mzee, nimekaa kwenye mlango wa nyumba hii hii, wajukuu wakinipitishia kitu usoni ili wacheke kwamba sijaona. Nikilia, machozi yalianguka moja kwa moja kwenye zulia, maana uso ulikuwa chini. Mama mkwe aliporudi alifuta zulia kwa mguu wake, akaketi.

Siku ya kwenda Nizwa kutolewa bendeji mikono yangu ilikuwa baridi hata binti yangu akaishika njia nzima, akiendesha kwa mkono mmoja, nikamkemea. Daktari alifungua bendeji. Kwanza niliona maji. Ukingo wa povu ulikuwa ukicheza mbele ya jicho kama maji ndani ya bilauri, na juu ya ukingo huo, mlango. Mlango wenye fremu. Fremu ilikuwa imepinda katikati, kama iliyoyeyuka kwa joto, lakini ilikuwa fremu.

"Waona nini?" daktari akauliza.

"Mlango. Umepinda."

"Haujapinda," akasema, na nikaona kwamba anatabasamu. "Huenda utaendelea kuuona hivyo. Lakini waona."

Nililia pale kitini, na mama mkwe akamwombea daktari na wazazi wa daktari, wote, kwa jina la kila mtume aliyemkumbuka.

Lesi ilimalizika. Aliyeijua kazi angeweza kuona mahali ilipobadilisha mikono: sehemu yangu ni laini, sehemu yake imekazwa, na kuna ua moja ambalo lina jani la ziada. Nilitaka kulifumua. Binti yangu akakataa. "Ummi, hii ni ya bibi, mimi nataka hivyo hivyo." Akaivaa. Wanawake waliinua ukingo wa shela yake, wakaupitisha vidoleni, na mgeni mmoja akataka kujua ilinunuliwa Maskati duka gani. Mama mkwe akajibu kwamba hakuna duka, kisha akageuka kwenda kutazama biriani.

Sasa nafuma kwa uzi mnene kidogo. Mistari iliyonyooka bado inapinda upande wa kulia, kwa hiyo naamini vidole zaidi. Na hofu haijaondoka, sitasema uongo. Kila nikiamka, kabla ya kuteremsha miguu, nafumba jicho moja, natazama pembe za dari, zote nne, kisha nafumba la pili. Mume wangu ananiona, na siku hizi haulizi. Anangoja nimalize, ndipo ananipa chai.