Bahasha ya Mgeni wa Heshima

Sisi wanafunzi tuliopanga vyumba Nchiru tulimjua Kiogora kabla ya kuwajua wahadhiri wetu. Jioni alisimama mbele ya kibanda cha Mukiri, muuza chapati, akaomba mtu amkopeshe noti ya hamsini. Mwenye noti aliandika jina lake juu yake kwa kalamu. Kiogora aliikunja mara nne, akaifumbata, akafungua viganja vitupu. Kisha alichukua ndimu moja mezani kwa Mukiri, akaikata, na noti ikawa humo ndani, imelowa, jina likiwa pale pale.

"Baite, jamani, pesa yangu inanuka ndimu!" mwenye noti alilalama.

"Shukuru," Mukiri alijibu. "Jana ilitoka kwa kitunguu."

Hakuna aliyewahi kupoteza hata shilingi moja. Noti ilirudi kwa mwenyewe, na aliyependa alimtupia Kiogora kumi au ishirini. Ujuzi huo aliupata utotoni, kwa kukata karatasi za daftari zikatoshana na noti na kuzichezea wakati akipanga foleni ya kuuza majani chai. Vidole vyake vilikuwa vimezoea karatasi kiasi kwamba ukimpa bahasha iliyofungwa, aliweza kukwambia ina noti ngapi.

Lakini siku hizi watu hulipa kwa simu. Kuna jioni aliomba noti kwa umati wa watu thelathini na hakuna aliyekuwa nayo. Kwa hiyo akaanza kuweka akiba apangishe meza ya kuuza chaja na vifuniko vya simu. Alipofikisha elfu tisa, mwenye meza alimwambia alete Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo, mama yake, Teresia, alitakiwa hospitalini kupasuliwa uvimbe wa shingo. Ulikuwa umeanza kumziba pumzi, na bila amana ya elfu sitini hangepewa kitanda. Kanisa la kwao likaitisha harambee Jumapili baada ya ibada.

Mgeni wa heshima alikuwa Misheck, mkandarasi wa barabara anayeishi Meru mjini. Aliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa, akapewa soda kabla ya wote. Mzee Mutwiri, mweka hazina wa kanisa, alishika kipaza sauti. Teresia aliomba jambo moja tu: mwanawe wa pekee ndiye abebe beseni.

"Mtoto wangu anitafutie uhai kwa mikono yake," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Michango yote ilipita kwenye beseni hilo, na kila kiasi kilitangazwa. Mwishoni Misheck akainuka na bahasha iliyoandikwa juu, kwa wino mweusi: 10,000.

"Mimi na marafiki zangu," alisema, "hatuwezi kuacha mama ateseke."

Watu walipiga makofi ya kilo, mazito ya pamoja. Kiogora alipoipokea bahasha, vidole vyake vilimwambia mara moja: ndani mna noti moja, na hakuna noti inayozidi elfu. Alimtazama Misheck usoni. Misheck alikuwa ameshageukia sahani ya kuku.

Kwetu bahasha ya mgeni haifunguliwi mbele yake. Hutangazwa kilichoandikwa nje, na mgeni huombewa. Mutwiri alitangaza elfu sitini na moja, akaingia chumba cha nyuma kuhesabu, Kiogora akimfuata na beseni. Mzee alizifungua bahasha moja moja. Kutoka kwa ile ya Misheck ilitoka noti moja ya elfu. Mutwiri aliitazama, akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa koti lake.

"Mzee, umeona," Kiogora alisema.

"Nimeona nini? Huyo ndiye aliyeahidi mabati ya kanisa. Wewe nyamaza."

Walipotoka, Mutwiri alitangaza elfu hamsini na mbili. Minong'ono ikaenea. Mzee hakumtaja mtu. Alilitazama beseni tu, kisha aliyelibeba.

"Kiogora, rudisha basi!" kijana mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka, maana walidhani ni mchezo wake wa siku zote. "Ziko kwa ndimu gani leo?"

"Mimi sijachukua," Kiogora alisema.

Kicheko kikakatika. Mtu akasema apekuliwe. Hapo ndipo alipokumbuka zile elfu tisa zilizokuwa kwenye bitana ya jaketi yake, noti tisa safi, hesabu ile ile iliyopotea. Wangezikuta tu. Na bila hizo, mama yake angekosa kitanda.

Teresia alikuwa akimtazama, mkono mmoja ukiwa shingoni.

Kiogora akatabasamu kama atabasamuvyo Nchiru. Akaonyesha viganja vitupu, mbele na nyuma. Akamwendea Mutwiri, akapitisha mkono nyuma ya sikio lake na kuchomoa noti ya elfu. Akachomoa ya pili chini ya kola, ya tatu kwenye kofia ya mzee, mpaka zikatimia tisa, akizidondosha kwenye beseni moja baada ya nyingine. Watoto walipiga vigelegele. Misheck naye alipiga makofi.

"Huyu kijana ni hatari," alisema, akipangusa midomo. "Mmwombee."

Wakamwombea. Alipiga magoti mbele ya kanisa zima na kuombewa roho ya wizi imtoke.

Upasuaji ulifaulu. Meza ya Nchiru alipewa mtu mwingine, na habari zilipofika huko, hata wachache waliobeba noti waliacha kumkopesha. Mukiri aliendelea kumpa chapati, ila ndimu alizihamishia ndani.

Mwezi uliofuata alikwenda kumwona mama yake. Sauti ilikuwa imerudi. Alimweleza yote: bahasha, noti moja, mfuko wa Mutwiri, akiba ya meza.

Teresia alisikiliza mpaka mwisho.

"Misheck?" akauliza. "Yule aliyenitolea elfu kumi?"

"Mama, ilikuwa elfu moja."

"Mwanangu, nimekusamehe tayari. Usiwapake watu wema matope."

Akainuka kumtilia chai. Kabla ya kuingia jikoni alichukua kitambaa alichofungia pesa, kilichokuwa juu ya meza, akakitia kifuani.