Mama mkwe aliyehamisha nyumba

Mlionicheka leo asubuhi bombani hapa Kakuma, bibi kizee na jerikeni, nimewasikia.

Mjukuu wangu ana mimba ya miezi mitano na presha iko juu. Daktari wa Lodwar amemwambia alale tu.

Alipofika nyumbani akaanza kulia. "Nyanya, watasema mimi mvivu."

Miaka ya sabini daktari aliniambia mimi pia nilale tu, nikiwa na mimba ya mama yake. Nilimwogopa mama mkwe, maana kwetu kujenga na kuteka maji ni kazi ya mwanamke.

Mwishowe nikamweleza, akanisikiliza. Kesho yake akabomoa nyumba yake ya matawi, akaijenga upya karibu na mlango wangu. Akanitekea maji mpaka nikajifungua.

Kesho niko bombani tena, na jerikeni mbili. Anayetaka kucheka aje, lakini moja atabeba yeye.