Toshie na Wimbo Uliokatazwa Harusini

"Hapana, shemeji. Baba yake yupo."

Toshie hakuinua hata kichwa. Alikuwa mbele ya jiko la dukani kwake anageuza vyuma vya kuokea biskuti za ufuta, na Tatsuji, mdogo wa mumewe, amesimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa, hotuba keshaiandaa. Harusi ya Junpei, mtoto wa pekee wa Toshie, ilikuwa mwezi wa tano. Na kwa desturi baba wa bwana harusi ndiye anayefunga shughuli: anasimama mlangoni mwa ukumbi pamoja na wazazi wenzake, anashika kipaza sauti, anawashukuru wageni. Sasa baba huyo, Kihachi, alipatwa na kiharusi wakati majani yanapukutika, kikaondoka na maneno yake yote. Miguu ilirudi, akili timamu, ila ulimi ulibaki na neno moja tu, "ndiyo". Ukimwuliza kama anataka chai, ndiyo. Ukimwuliza jina lake, ndiyo, na machozi ya hasira yanamlengalenga.

"Yupo, sikatai," alisema Tatsuji. "Lakini atasema nini? 'Ndiyo, ndiyo'? Usimwaibishe kaka yangu mbele ya wakwe, shemeji. Wale watu wana nyumba ya wageni tangu enzi za mababu, mambo yao ni ya taratibu."

"Atasema asante. Wewe vaa suti yako, uje kula."

Ndivyo alivyo Toshie. Alipoolewa pale dukani, mama mkwe alimtazama mikono akacheka: hii laini hii, haimalizi baridi moja mbele ya vyuma. Haya, mama mkwe katangulia mbele ya haki, mikono ipo, ina makovu ya moto hadi viwikoni, na biskuti zinatoka kila asubuhi. Mwanamke huyu ukimwambia haiwezekani, umemtia kuni.

Halafu alikuwa na siri yake, nayo ni nyimbo za Shiho Kurehara.

Watu wa rika la Toshie hawahitaji kuambiwa Shiho ni nani. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, gitaa moja basi, na sauti ya mtu anayekusimulia jambo jikoni huku anaosha vyombo. Wenzake waliimba mapenzi ya mbalamwezi. Yeye aliimba kifungo kilichobaki sakafuni baada ya mtu kuchukua koti lake na kwenda zake, au supu iliyopikwa ya wawili ikaliwa na mmoja. Ukimsikia unajiuliza, huyu kanijuaje? Wanaume wazima wakimsikia redioni hujifanya wanafuta miwani. Na Kihachi, ujana wake wote, alipima biskuti kwa wimbo wa Shiho uitwao "Jukwaa Namba Mbili", jukwaa la treni. Ubeti mmoja, upande wa kwanza umeiva. Kiitikio, geuza. Saa ya ukutani ilikufa zamani na hakuna aliyeitengeneza.

Basi asubuhi moja ya theluji redio ikaupiga wimbo ule. Kihachi alikuwa kakaa karibu na jiko, mkono juu ya mpini wa chuma. Akafungua kinywa, akaimba. Maneno kamili, moja baada ya jingine, hakuna lililoanguka!

Kilichoanguka ni trei ya Toshie. "Hebu rudia! Kihachi, rudia!"

"Ndiyo," alisema Kihachi, naye kaduwaa.

Dada wa hospitali aliyekuwa akimfundisha kusema hakushangaa. "Nyimbo hazilali chumba kimoja na maneno, mama," alisema. "Mgongee mdundo mwilini, taratibu. Huenda neno likapitia mlango huo."

Toshie aliporudi nyumbani alikwisha kata shauri. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alisimama nyuma ya mumewe, akamgonga mgongoni kwa vidole viwili, naye Kihachi akaimba. Ulikuwa wimbo wa mzazi anayemsindikiza mwanawe stesheni: panda, mwanangu, usigeuke nyuma, mkono ninaoupunga usiuangalie. Na mwisho wake: kwaheri, mlango umefungwa. Toshie alitaka hapo mwisho pakae maneno mengine, "asanteni nyote mliokuja". Wapi! Majira ya baridi yakapita, theluji ikayeyuka, miti ya sakura ikachanua, na kila wakifika pale Kihachi anateleza kwenye kwaheri.

Junpei alikuja kuwatembelea akaona jasho la baba yake, roho ikamuuma. "Mama, basi. Acha ami Tatsuji aseme. Baba anachoka."

"Anachoka nani? Muulize mwenyewe, si huyo hapo?"

"Baba, tuache?"

"Ndiyo," alisema Kihachi, huku anatikisa kichwa kukataa kwa nguvu zote, na akaanza kugonga meza mwenyewe. Toshie akarudi nyuma ya kiti.

Tatsuji alipopata habari kuwa ni wimbo ule, alikuja mbio bila kufunga kamba za viatu. "Wimbo wa kuagana? Harusini? Shemeji, una akili wewe? Hata keki hatusemi inakatwa, ni mkosi, tunasema kisu kinaingizwa! Sherehe yenyewe hatusemi imekwisha. Na wewe unataka kumwimbia bi harusi kwaheri? Lila na fila havitangamani!"

"Maji nimeshayavulia nguo, Tatsuji. Nitayaoga."

Lakini usiku ule hakupata usingizi vizuri, nalisema wazi. Aliogopa. Akifungua mlango wa maneno na likatoka neno la mkosi, mke wa Junpei ataanza ndoa na minong'ono.

Siku ikafika. Mwisho wa karamu wazazi walipangwa mlangoni mbele ya pazia la dhahabu, Toshie katika kimono nyeusi ya mama wa bwana harusi. Kipaza sauti kikaja kwa Kihachi. Akakishika. Kinywa cha Kihachi kikafunguka kikabaki wazi. Toshie akapeleka mkono mgongoni kwake. Vidole viwili.

Panda, mwanangu, aliimba Kihachi, usigeuke nyuma.

Bibi yake bi harusi, ajuza mwenye nyumba ya wageni, aliweka kikombe chini. Kwaheri ilikuwa inakuja, na Toshie alijua akiacha kugonga Kihachi atanyamaza, aibu itaishia hapo. Aliwaza hivyo, akaendelea kugonga. Kihachi akaimba kwaheri yote, mlango umefungwa, kwa sauti ileile ya dukani. Pale mezani wenye mvi wakaanza kufuata midomo kimya kimya, maana nani kati yao hakuwahi kupunga mkono stesheni? Junpei alikuwa analia bila kujificha.

Wimbo ukaisha. Tatsuji akainuka upesi na karatasi yake.

"Kaa chini," Toshie alimwambia. "Hajamaliza."

Alisema hivyo bila kujua lolote. Vidole vilikuwa vimemkauka, hakuweza kugonga tena. Lakini mkono wa Kihachi wenyewe ulikuwa unagonga paja, polepole.

"A-sa-nte-ni," alisema Kihachi. Hakuliimba. Alilisema. "Asanteni. Junpei... asante."

Wageni walipokuwa wakipita mlangoni kuaga, yule ajuza alisimama mbele ya Toshie. "Nani kakupa ruhusa ya kuimba kwaheri kwenye harusi ya mjukuu wangu?"

Toshie aliinama. "Hakuna, Bibi."

"Vizuri. Mjukuu kaambiwa asigeuke nyuma. Akija kwangu na kinyongo cha jikoni kwako, nitamwimbia huohuo."

Hapo Toshie alitakiwa kujibu. Heshima inadai ajibu, na nyuma ya ajuza foleni ilikuwa ndefu. Akafungua kinywa. Hakuna kitu. Machozi yanashuka hadi kwenye kola ya kimono, yeye aliyeapa hatatoa hata moja. Akasimama hivyo, kinywa wazi.

Ndipo akahisi mgongoni, juu kidogo ya mshipi, vidole viwili vinamgonga taratibu.