Barua Iliyobaki kwa Bazilio

Kati ya wanawake waliohamishiwa kijiji kipya karibu na Murungu mwaka 1974, hakuna aliyesikilizwa kama Epifania. Alikuwa mjane, mkali wa maneno, lakini hakujua kumficha mtu jambo. Ndiyo maana bomba lilipoletwa miaka miwili baadaye, wenzake walimchagua yeye kulitunza.

Fundi aliyelijenga alikuwa damu yake. Bazilio, mtoto wa kaka yake, alifiwa na mama angali ananyonya. Epifania alimlea kwa uji wa ulezi na maziwa ya kuomba kwa majirani, akamsomesha mpaka akajua ufundi na kupata kazi Kasulu. Siku alipoingia kijijini juu ya lori lililojaa mabomba, shangazi yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mmemwona mwanangu?"

Bomba lilifunguliwa Saba Saba. Mbele ya wageni wote Bazilio alishika jagi, akamjazia glasi.

"Kunywa, shangazi. Safi kabisa."

Epifania akanywa mpaka tone la mwisho. Vigelegele vikapigwa.

Jirani yake Uwimana hakushawishika. Huyu alikimbia Burundi mwaka 1972, na kila asubuhi aliendelea kushuka bondeni kwenye chemchemi ya zamani, ingawa alikuwa mjamzito. Siku moja Epifania alimkuta ameketi njiani, ndoo pembeni, anahema.

"Unajitesa bure. Bomba liko mlangoni pako."

"Maji yale yanatoka kwenye kijito kinachopita chini ya nyumba za mstari wa juu, mama. Na vyoo vyao viko pale pale."

"Bazilio ameyapima. Yule hawezi kunidanganya mimi."

Uwimana alivuta ndoo yake, akakubali kwa Kirundi. "Ego, mama. Ukisema wewe, nitachota."

Mvua za Novemba zilipoanza, bomba likatoa maji ya rangi ya chai. Watoto wakaanza kuhara, kisha kuhara damu. Katika majuma mawili walizikwa wanne. Mmoja wao alikuwa Esteri, binti wa Uwimana, wa miaka mitatu.

Bwana afya, Pasikali, alifika kwa baiskeli kutoka Kibondo. Alipanda hadi pale kijito kilipozuiwa kwa saruji, akarudi amekunja uso.

"Mama, mbona hamkuwa mnachemsha? Si barua iliwaambia?"

"Barua gani?"

"Majibu ya vipimo. Maji yalikutwa na vijidudu vya kinyesi. Nilimkabidhi Bazilio mkononi, mwezi wa sita, aje awasomee."

Epifania alikwenda akafunga koki, akaikaza kwa waya, na kesho yake akapanda lori la Kasulu.

Bazilio alikuwa amepanga chumba uani kwa Tamimu mwenye duka. Epifania alimkuta kijana anapiga pasi.

"Shangazi! Karibu, mbona hukutuma salamu?"

"Barua iko wapi?"

Bazilio hakuuliza ni barua ipi. Aliweka pasi chini, akavuta sanduku la bati, akaitoa chini ya mashati.

"Wageni walikuwa wameshaalikwa," alisema. "Ningesema tubomoe tukajenge juu zaidi, kabla kijito hakijafika kwenye nyumba, ningefukuzwa kazi. Nilifikiri kabla ya mvua nitapata namna."

"Na ile glasi? Ulijua unachonipa?"

"Yale ya kwenye jagi nilikuwa nimeyachemsha." Sauti yake ilishuka. "Wewe ndiye mama yangu. Nisingekupa maji mabaya."

Epifania alikaa kitandani bila kukaribishwa. Kama Bazilio angemnywesha na yeye uchafu ule, pengine Epifania angeweza kumhurumia. Kumbe kijana alikumbuka kumkinga yeye peke yake, kisha akamwacha aende kuwashawishi wengine.

"Nimezika mtoto wa mtu kwa mdomo wangu," alisema. Akachukua barua, akatoka. Bazilio alimfuata hadi barabarani akimwita. Hakugeuka.

Kijijini aliomba mkutano. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa hiyo alikwenda polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho wa barua. Kisha akasema, "Aliyewaambia maji ni safi ni mimi." Uwimana aliinuka, mtoto mchanga mgongoni, akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Mwaka uliofuata fundi mwingine alihamisha chanzo kikawa juu kuliko nyumba zote, na watu wakarudi bombani. Uwimana hakurudi. Alipopita kwa Epifania na ndoo yake alimwamkia kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake, bila kupunguza mwendo.

Krismasi ya mwaka huo, Bazilio alituma kitenge na kilo mbili za sukari kwa lori. Epifania hakuvishusha. Alimwambia dereva avirudishe Kasulu.