Ua la Mama Furaha liligoma kuchanua chini ya taa

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mwaka jana, 2012, hapa Durban. Sitii chumvi, maana mpaka leo sijaelewa.

Nauza simu Albert Park. Jirani yangu Mama Furaha, mjane wa Bukavu, alienda Joburg mwezi wa tano, binti yake Furaha alikuwa amejifungua. Akaniachia chungu cha ua.

"Mtoto wangu, hii iko ya marehemu bwana yangu. Kila mwaka mwezi ya sita inatoa maua. Isinifie."

Ni mmea wa majani mazito yaliyoungana kama mnyororo. Madukani wanauita Christmas cactus. Krismasi gani ya mwezi wa sita? Nikaacha.

Baridi ikaingia. Saa kumi na moja jioni, giza. Nikajua tu linakosa mwanga. Nikalipeleka dukani, chini ya tube light tunazoziacha zinawaka mpaka asubuhi kwa sababu ya wezi.

Maji mara moja kwa wiki, tarehe naandika.

Juni ikaisha. Hakuna hata tumba moja.

Nikaongeza taa ya mezani. Déo, kinyozi Mrundi wa mlango wa pili, akacheka sana. "Sha, hata saluni yangu haina taa hizo! Liulize kama linataka na chaji."

Mwanzoni mwa Julai mteja akalipiga kikumbo, likaanguka. Bosi akasema, stoo. Huko kuna baridi, kidirisha kimoja, na bulb iliungua zamani.

Eish. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia yule mama.

Wiki ya saba tangu liingie stoo, naingia na kikombe cha maji, nakuta kila ncha ina tumba jekundu. Niliita Déo aje ashuhudie. Safari hii hakucheka.

Mama Furaha aliporudi lilikuwa limechanua lote. Alikaa mbele yake, mkoba bado begani.

Nikamuuliza, kwake lilikuwa linakaa wapi?

"Kwa chumba ya Furaha. Mule hatuwashi taa tangu aolewe."

Nilichojifunza: siku ya kukabidhiwa niliuliza habari ya maji na mbolea. Sikuuliza lilizoea kukaa wapi.

Ila sababu bado siijui. Ni giza? Ni baridi? Au ni mimi kuacha kulisumbua?

Wenye kujua, semeni hapa chini. Mwezi wa tano umefika, Mama Furaha ameondoka tena, na chungu kipo mezani kwangu.